Ambuya wa Kwenye Miwani Sasa Anaitika

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Esinath Gwatirinda, mwenyekiti wa kamati ya kumbi za mji, waheshimiwa madiwani, wapiga mbira na wacheza ngoma, akina mama wa sokoni mlioacha nyanya zenu juani mje kutusikiliza: tunawasalimu nyote.

KARIBU TENA

Mheshimiwa, umerudi. Wapo waliosema hutarudi, na mmoja wao ameketi safu ya tatu akijifanya anatazama dari. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi leo tunahitaji kupona kwelikweli.

TULIKOTOKA

Ukumbi huu ulikuwa baa ya manispaa. Baba zetu walikunywa humu pombe ya mtama, mama zetu wakiwangoja mlangoni kwa nyuso zisizohitaji maelezo. Pombe ilipohamia kwingine, panya wakarithi. Ndipo wapiga mbira wetu na vijana wa kompyuta walipofagia, wakafunga spika kwenye kuta zote nne, wakamrekodi Ambuya Keresia Mupindu, bibi wa mtaa wetu mzima wa Mbare, akiimba, akicheza na kusifu koo zetu.

Anayeingia anavaa miwani ya uhalisia pepe na kujikuta uani kwa Ambuya, kuku wakimpita miguuni. Lakini Ambuya haimbi bure. Ni lazima umsalimie kwa makofi, kama mtoto wa watu. Ukipiga, anageuka na kukuuliza ukoo wako. Ukimtajia, uwe Simba, Moyo au Tumbili, anaimba sifa za ukoo huo na vinanda vya mbira vinamjibu kila upande.

TUNAYOJIVUNIA

Tunajivuna, na hatuoni haya. Foleni ya Jumamosi inafika kwenye mabanda ya nyanya. Mzee Gomwe, aliyechimba migodi ya Afrika Kusini hadi akasahau sifa za ukoo wake, alivua miwani akilia. Alisema, "Nilidhani nimeshazikwa kule. Kumbe bado nina kwetu." Watu wa ng'ambo wametuomba tuwapelekee chumba hiki. Tukawajibu kwamba Ambuya hasafiri, njooni nyinyi. Wakaja, wakala ugali wa sadza na matumbo, wakaomba nyongeza.

KILICHOTUKWAZA

Hapa, Mheshimiwa, tunasema polepole. Siku ulipokuja na kamati yako, madiwani wanaume walipiga makofi yao, viganja sambamba, na Ambuya akawaitika mmoja baada ya mwingine. Ukafika wewe, mkubwa wao. Ukapiga goti vizuri, ukapishanisha viganja kama mama zetu walivyotufunza, ukapiga yale makofi mazito ya kike. Ambuya akaendelea kupepeta mtama. Ukapiga tena. Mtu akacheka. Ukavua miwani ukasema, "Nyumba isiyoniitika nitaiteteaje?" Wiki ileile tukasikia kuwa ukumbi unatakiwa na muuza magodoro.

Hatukujua kosa liko wapi hadi Ambuya mwenyewe alipokuja kujitazama. Alivaa miwani, akapiga makofi, akangoja. Kisha akafoka, "Nyie, huyu mwanamke ana dharau. Na gauni ni langu!"

Tapfuma, fundi wetu wa sauti, akapiga makofi ya kiume ya kumtaka radhi. Papo hapo yule wa kwenye miwani akageuka, meno yote nje.

"Ahaa," akasema Ambuya. "Kumbe nikiwa humu ndani nawataka wanaume tu. Babu yenu asisikie."

Tulicheka, kisha tukaona aibu. Walioifundisha kompyuta kusikia makofi walikuwa wanaume peke yao, wakaifundisha makofi yao. Ya akina mama iliyachukulia kuwa kelele, kama mlango unaobamizwa. Kila mtoto wa nchi hii anajua kuwa makofi ni ya namna mbili, na sisi tuliosema tunahifadhi mila tukakumbuka moja. Makofi yako, Mheshimiwa, hayakuwa na kasoro yoyote. Tuliwaita akina mama wa sokoni, wakapiga mpaka kompyuta ikasalimu amri. Sasa Ambuya anamwitika kila mtu, na akina mama anawaitika kwa madaha zaidi.

TUNACHOOMBA

Hatuombi feni, ingawa joto unalisikia mwenyewe. Hatuombi rangi ya kuta. Baraza linapiga kura kesho kuhusu ukumbi huu, na wote tunajua kauli ya nani inasikilizwa. Tunaomba uvae miwani tena, mbele ya madiwani walewale, upige makofi yako. Ufunguo wa ukumbi tumekuwekea mezani. Ambuya asipoitika, ondoka nao ukampe mwenye magodoro. Akiitika, mkabidhi ufunguo huo Ambuya Keresia, ambaye yupo hapa mbele na ananinong'oneza nifupishe, maana yule wa kwenye miwani hapendi kungojeshwa.

Mungu akulinde, awarehemu waliokufunza kusalimia. Viganja vyako visikose wa kuviitika, hapa na popote uendapo.

Ni sisi, Kikundi cha Maoko Maviri, mikono miwili ya Mbare, wa kiume na wa kike.

Imesomwa na Shupikai Madondo, katibu.