Protini Imepanda Tena

Mbele yangu basini, fundi cherehani aliyetoka kliniki alimwambia mzee aliyeketi naye, "Wamepima mkojo, eti protini imepanda tena, figo zangu hazitadumu. Mbona siumwi popote, baba?"

"Hata mke wangu hakuumwa, binti yangu. Alipoanza kuvimba miguu, figo zilikuwa zimeshakwisha." Hakusema mkewe yuko wapi, na fundi hakuuliza.

"Dawa nitaanza nikizidiwa," alisema fundi. "Ukizidiwa utakuwa umechelewa," mzee alimjibu. "Usinitishe, baba, nina watoto wadogo." "Ndiyo maana nakutisha." Mimi nilijifanya nimelala, kazi ninayoiweza.

Basi liliposimama, fundi alishuka, akaacha mfuko wa dawa kitini. Mzee alitoa kichwa dirishani akaita, "Binti, dawa zako!" Nina hakika fundi alisikia, maana aliongeza mwendo.