Kalamu Ninayo, Ruhusa Sina

Asubuhi ile birika la kahawa lilikuwa la moto, lakini maneno kwenye benchi la Kinyozi yalilishinda. Aliyekuwa akihukumiwa ni mdogo wake Kinyozi, binti anayekaa mapokezi kwenye zahanati ya mtaa. Honi, dereva wa lori mwenye presha, alikuwa amemwomba amwandikie dawa zake zile zile bila kumwona daktari, maana safari ilimngoja. Binti akakataa. Jana Honi alipita kijiweni amenuna, salamu hakuitikia. Kinyozi alikuwa akimnyoa mteja mgeni pembeni ya benchi, uso chini, aibu imemjaa.

— Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, alianza Gundi, fundi viatu. Honi kaenda, kapona nani?

— Methali hiyo haikai hapo, alisema Redio, muuza magazeti.

— Methali ni kama kiatu. Ikipwaya, vaa soksi.

— Yule binti anatafuta cheo. Siku hizi anayesumbua watu ndiye anayepandishwa.

— Cheo wapi. Dawa wanaficha, presha ipande, na bei ipande.

— Bei tu? Wanataka madereva wote walazwe, barabara zibaki tupu, waziuze.

Kinyozi alishusha wembe.

— Nilimwendea mwenyewe jana, nikamsihi. Nikamwambia Honi ni kama kaka yako.

— Akasemaje?

— Alisema, “Kaka, kalamu ninayo, ruhusa sina. Ombi lake nimelifikisha kwa daktari. Kusema ndiyo si kazi yangu.” Nikamuuliza Honi anaumwa nini hasa. Akanijibu, “Hilo muulize Honi.”

— Hata wewe, damu yake?

— Hata mimi.

Benchi likaguna. Kinyozi akarudi kwenye kichwa cha mteja, moyo mzito. Alijua urafiki wa miaka unaweza kuvunjwa na kidonge.

Hapo Honi akatokea, anatembea taratibu, uso mkunjufu kwa furaha. Akaketi, akamiminiwa kahawa.

— Lori liko wapi? aliuliza Redio.

— Kaondoka nalo mwenzangu. Daktari alipopata ombi langu, alinipigia mwenyewe, akataka nifike. Kanipima damu. Akaniuliza, mbali na hizi za presha unameza nini? Nikasema zile za mgongo, nanunua njiani, kila siku. Akashika kichwa. Kumbe zikikutana na za presha, figo zinaelemewa. Zangu zilishaanza kuchoka. Za mgongo kanikataza, za presha kanibadilishia. Kasema ningeongezewa zile zile na kuingia barabarani, ningerudishwa nimebebwa.

Honi akamgeukia Kinyozi.

— Shemeji yako, mke wangu, angekuwa analia leo. Mdogo wako hakuninyima dawa. Aliniachia uhai.

Mabega ya Kinyozi yalinyooka kama ya mtu aliyetuliwa gunia.

— Mimi nilisema tangu mwanzo, alisema Gundi. Mwenda pole hajikwai.

— Hiyo leo imekaa, alisema Redio.

Mteja mgeni, nusu ya kichwa imenyolewa, akauliza kwa upole:

— Na huyo dada, nani kati yenu ameshakwenda kumshukuru?

Wakatazamana. Honi akaweka kikombe chini, akasimama. Gundi akavua aproni, Redio akafunika magazeti. Kinyozi akamfunga mteja taulo kichwani, akamwomba radhi, akatangulia mbele yao kuelekea zahanati, kifua mbele, kama anayempeleka bibi harusi.