Uzi wa Kijani wa Gunvor Åsbrink

Ndugu, majirani na marafiki, kabla ya tarehe za maisha ya Mama nitaje fumbo ambalo mimi, Tyra, binti yake, nimeshindwa kulitegua: nani alifunga uzi wa kijani?

Mama yetu, Gunvor Åsbrink, alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 hapa Hedemora, akasoma hapa hapa, akahitimu ualimu mjini Falun mwaka 1963, akafundisha darasa la kwanza hadi alipostaafu mwaka 2006. Tarehe 18 Juni 1966 alifunga ndoa na Baba, Sixten, wakajaliwa mimi na ndugu yangu Eskil, na madirisha yaliyojaa vyungu vya maua ya pelagonia.

Mama alitaka kuoanisha spishi za mwituni za pelagonia zisizokubali kuzaana, akipaka chavua ya moja kwenye ua la nyingine kwa brashi ndogo, kisha akifunga uzi, mwekundu au mweupe, kuonyesha baba wa mbegu. Kiangazi cha 1974, wageni wakitarajiwa, Baba kwa upendo wake alichuma kila ua lililonyauka, kumbe ndimo mbegu zilimokuwa zikikomaa, naye Mama akasema, "Sixten, umenimalizia wajukuu wote! Ukigusa tena dirisha langu, kahawa utajipikia." Baba akajibu, "Sawa, mama watoto, lakini nyumba imependeza," na tangu hapo hatukumwona akigusa hata jani.

Mwaka 1989 mbegu moja tu ilikubali kuota, ikatoa chotara wa maua ya zambarau na majani yanayonukia limau, na kikonyo ilimotoka kilikuwa na uzi wa kijani, ambao nyumbani kwetu haukuwako. Kila aliyeulizwa alikana, Baba akiwa wa kwanza, huku akicheka.

Chotara huyo ni tasa, huishi kwa vipandikizi tu, na vyote Mama alivyogawa viliuawa na baridi, hivyo tangu alipougua moyo Novemba 2022 hadi alipofariki tarehe 2 Mei 2023, alihofia kwamba mmea ule mmoja uliobaki ungemfuata.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani waliotuokea mikate.

Familia iliamua kwamba badala ya mashada, kila nyumba ichukue kipandikizi. Mimi na Eskil tuliogopa kuutia mmea ule kisu, akakishika Baba, siku ya tatu baada ya msiba, akisema mbele ya dirisha, "Samahani, Gunvor, naingia." Leo, wiki kadhaa baadaye, vimeshashika mizizi, viko mlangoni mwa kanisa, kila kimoja kimefungwa uzi wa kijani, na Baba hasemi ameutoa wapi.

Lala salama, Mama, dirisha lina mtu.