Vitamini za Mama Dominika

Mtu wa kwanza kuniambia kilichokuwa kinamtafuna mama mkwe wangu ni Mama Jasoda, mwenye duka la vitambaa alikokuwa akishona, na aliniambia Jumanne tarehe 6 Juni 2006, tukiwa tumeshachelewa. Nimepewa kusoma wasifu huu wa marehemu kwa kuwa mimi ndiye niliyempeleka hospitali, na tarehe nilikuwa naziandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mwanangu.

Marehemu Dominika alizaliwa tarehe 3 Machi 1950, Kibosho, akamaliza darasa la nane mwaka 1965, akajifunza kushona, na mwaka 1986, vitambaa vilipoanza kujaa madukani, akaajiriwa na Mama Jasoda mjini Moshi, akashona chumba cha nyuma, kisichoingia jua, kwa miaka kumi na tisa. Alifunga ndoa na Sirili tarehe 12 Agosti 1972, wakajaliwa watoto wanne, wa mwisho akiwa mume wangu Thadeus.

Uzito ulipofika kilo 131, magoti na presha vikamshinda, alikwenda India, na tarehe 20 Januari 2003 akafanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula na kufupisha njia ya utumbo. Alirudi na makopo ya vidonge vya kalsiamu na vitamini D, ameze maisha yake yote, akayafungia kabatini, kwa sababu huku kwetu vitamini ni za mtoto asiyekula, zinaleta hamu, zinanenepesha, na mwenyewe alisema, "Nimekatwa ili nisile, halafu nimeze dawa ya kula?" Tulicheka sote, na mimi nilicheka.

Kuanzia mwaka 2004 mifupa ilimuuma, tukazunguka hospitali nne, kote akapewa dawa za maumivu na kuambiwa ni umri, hakuna aliyeuliza habari za upasuaji, na sisi hatukusema, kwa kuwa alitukataza, nami niliona haya mbele ya madaktari. Tarehe 28 Mei 2006 aliteleza kihambani, kwenye shamba la nyumbani, akikata majani ya ng'ombe, nyonga ikavunjika. Mama Jasoda alipokuja wodini ndipo akaniuliza kama vidonge anameza, maana aliyefupishwa utumbo asipovimeza mifupa hulika, nikamweleza daktari, damu ikapelekwa Nairobi kupimwa vitamini D, na majibu hatujayapata hadi leo. Alifariki Jumapili tarehe 11 Juni, damu iliyoganda ikiwa imeziba mapafu.

Tunamshukuru daktari huyo, aliyetusikiliza bila kutugombeza, majirani waliomlishia ng'ombe wiki zote mbili, na mafundi wenzake.

Mdogo wake marehemu, Mary wa Shirimatunda, aliyefanyiwa upasuaji kama huo mwaka jana, amekubali niseme hili. Jumatatu asubuhi, kabla turubai la msiba halijafungwa, nilikwenda kwake, nikakuta makopo yake hayajafunguliwa, nikakaa palepale hadi akameza kidonge cha kwanza, ndipo tukaja huku kulia.

Lala, mama, mifupa isikuume tena.