Hadithi Itakayopendwa Mwakani

Kijiwe chetu cha Mahabibo, hapa Mahajanga, ni ubao wa tishari bovu uliolazwa juu ya mawe mawili kwenye ukuta wa fundi cherehani. Hauna sifa yoyote ila kwamba Oumouri muuza kahawa huweka birika lake pembeni. Tunaokaa hapo ni wanne. Waziri, jina lake Djaanfar, alikuwa mpishi melini, na hakuna wizara iliyowahi kumjua. Sinema ni Soulé, anayechana tiketi mlangoni pa sinema, kwa hiyo filamu zote kaziona vipande. Redio ni Assoumani, mwenye redio ya betri, na pale isiposikika vizuri hujazia mwenyewe. Mimi Ousséni wananiita Mwandishi, kwa sababu sijaandika kitu. Tunachanganya Kingazidja cha nyumbani, Kimalagasi cha sokoni na Kifaransa cha kuombea kazi. Hapa nayaweka kwa Kiswahili nilichookota Unguja ujanani, kikichechemea mnivumilie. Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru, na kila mtu alikuwa anaanzisha jambo. Mimi nilikuwa naanza hadithi, tena.

Siku hiyo nilikuwa na karatasi tupu gotini. Elamine wa Andoany, kule kisiwani Nosy Be, alikuwa amepata mashine ya kurudufu, anaanzisha gazeti dogo, na mimi kaniwekea ukurasa. Sharti lake moja: hadithi iwe ya mtindo utakaopendwa mwakani, si ule uliowachosha watu mwaka jana. Sasa huyu Elamine ni kaka wa Koulsoum, mchumba wangu. Nilimwahidi Koulsoum kwamba nikishachapishwa tu, ndoa. Ahadi hiyo niliitoa enzi za gavana wa Kifaransa. Gavana ameondoka, ahadi ipo. Elamine amechoka. Dada yao mdogo, Halimati, alikuwa kwa shangazi yake Amborovy, hapa nje ya mji, anarudi kwao na meli ya alasiri, na angepita kijiweni kuchukua hadithi. Akirudi mikono mitupu, ukurasa wangu anapewa mfugaji kuku mmoja wa Andoany, mgane, ambaye makala yake juu ya kideri, maradhi ya kuku, iko tayari. Na mgane huyo ameshapeleka posa kwa Koulsoum. Yaani nikilala, kuku watadonoa vyote viwili.

Jambo moja lazima mlijue. Kwetu, mwanamume asiyefanya ndoa kubwa, ile ya kuchinja ng'ombe na kulisha mji, hata awe na mvi ni mtoto, na joho la heshima havai. Barazani husema wa mwisho, tena akiruhusiwa. Pale ubaoni aliyeifanya ni Waziri peke yake. Kwa hiyo hata hadithi yangu ilibidi ianze naye.

Waziri: Tuanze. Mwakani watu watataka mapenzi. Andika: kijana kampenda binti.

Mimi: Nimeandika.

Waziri: Huyo binti ana nyumba?

Mimi: Nyumba ya nini, mzee? Wanapendana.

Waziri: Nyumba ya nini! Binti wa watu apendwe barabarani? Kwetu mwenye nyumba ni mwanamke, mume anahamia na sanduku lake. Wajomba wamjengee kwanza.

Sinema: Kweli, Mwandishi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi wewe usizibe, jenga ukuta kabisa.

Mimi: Kwa hiyo sura ya kwanza...

Waziri: Msingi. Ya pili, kuta. Ya tatu, mwezekaji anagombana na mjomba kwa ajili ya bati.

Mimi: Na mapenzi?

Waziri: Bati likishapigiliwa.

Nikakata mstari. Mtu mwenye akili angenyanyuka pale, akaenda kuandika kwake. Mimi nikaagiza kahawa.

Sinema: Mapenzi yameisha, mzee, kwa heshima zako. Mimi niko mlangoni, naona nyuso. Anayetoka analia ni mmoja mmoja. Wanaotoka wakiangalia nyuma yao ndio wengi, na hao wametoka kumwona mpelelezi. Mwakani upelelezi mtupu! Koti refu, kofia, maiti.

Redio: Koti refu, na joto hili la Mahajanga?

Sinema: Kikulacho ki nguoni mwako. Lazima avae.

Mimi: Haya, sikilizeni. "Mpelelezi alivuka kutoka Antsahampano, akaingia Nosy Be. Akamkabili mtuhumiwa, mzee mwenye joho, akamwuliza: Jana ulikuwa wapi?"

Waziri: Simama hapo hapo. Huyo mpelelezi kafanya ndoa kubwa?

Mimi: Bado kijana, mzee.

Waziri: Na anamwuliza mwenye joho alikuwa wapi? Mbele za watu?

Mimi: Ndiyo kazi yake.

Waziri: Kazi haimwondolei mtu adabu. Mzee atampa mgongo, na mimi msomaji nitakifunga kitabu.

Sinema: Hapo mzee ana haki. Mpelelezi aoe kwanza.

Mimi: Na maiti?

Waziri: Azikwe. Maiti hacheleweshwi kwa ajili ya hadithi.

Redio: Na muuaji aalikwe harusini. Samaki mkunje angali mbichi.

Mimi: Jamani, na ushahidi?

Sinema: Ee! Hapo ndipo utamu! Ng'ombe wakishachinjwa, damu mji mzima. Nani atajua ipi ya maiti?

Wote wakavutiwa. Aibu yangu ni kwamba hata mimi nilivutiwa, nikaiandika. Msikitini muadhini akaanza kuadhini alasiri, na meli ni ya alasiri. Tulikwenda kusali, tukarudi, na ubao ulikuwa bado una joto letu.

Redio: Nyie mko nyuma. Mrusi ameshaizunguka dunia kwa roketi, nyie mko na koti. Mwakani watu watasoma habari za mwezini tu. Nimesikia mwenyewe.

Mimi: Umesikia au umejazia?

Redio: Nusu kwa nusu.

Lakini hili lilinipendeza kweli. Mwezini hakuna wajomba. Hakuna bati wala joho. Nikaandika mbio: "Roketi ilitua. Kijana wetu akafungua mlango, akakanyaga mwezi."

Waziri: Katua tarehe ngapi?

Mimi: Tarehe, mzee?

Waziri: Sisi huku tunautafuta mwezi tufunge Ramadhani. Akituma habari kwamba kauona, tumfuate?

Mimi: Kauona? Kaukanyaga, mzee!

Waziri: Ushahidi wa mtu mmoja, hana ndoa kubwa, na yuko mbali. Mimi sifungi.

Sinema: Basi aoe kabla ya kuruka.

Redio: Au aolee kule kule. Ng'ombe wapakiwe. Nimesikia mwezini mzigo hauna uzito, ng'ombe utambeba kwa kidole.

Waziri: Hapo sasa umesema. Harusi ya namna hiyo haijawahi kuonekana.

Sinema: Na wageni?

Redio: Penye nia pana njia.

Nikaitazama karatasi. Mapenzi yalikuwa harusi, upelelezi ulikuwa harusi, mwezi nao ulikuwa harusi. Mimi niliyeikimbia harusi kwa miaka yote hiyo, kila mlango niliofungua kwa kalamu nilikuta ng'ombe anachinjwa. Bandarini meli ikapiga honi ya kwanza.

Mimi: Ndugu zangu, nakufa. Nipeni mtindo mmoja, nimalize.

Redio: Nikwambie siri? Usihangaike. Ulaya wanatengeneza hadithi za vidonge. Unameza ukienda kulala, ukiamka umeshaimaliza.

Sinema: Hata ya mapenzi?

Redio: Ya mapenzi unameza kabla ya kula. Ya upelelezi kimoja tu. Ukizidisha unamshuku mkeo.

Sinema: Na ya majini?

Redio: Hiyo ya kupaka.

Waziri: Cha kwanza anameza nani?

Redio: Mwenye ndoa kubwa.

Waziri: Basi Ulaya wameanza kupata akili.

Mimi: Na mwandishi, kazi yake nini hapo?

Redio: Anauza maji ya kumezea.

Tulicheka mpaka Oumouri akaweka vikombe chini. Nami nilicheka, tena kuliko wote. Hatukumwona Halimati mpaka aliposimama mbele yetu, leso kaitia kichwani, kikapu mkononi.

Halimati: Kwezi, baba Djaanfar.

Waziri: Mbona, mwanangu.

Hiyo ndiyo salamu ya mdogo kwa mkubwa, na Waziri aliipokea akiwa ameinua kidevu. Halafu Halimati akanigeukia akitabasamu.

Halimati: Shemeji, nimekuja kuchukua hadithi. Dada ameniambia nisiikunje.

Mimi: Iko tayari, shemeji. Karibu tayari.

Waziri: Iko tayari kabisa. Tumeitunga wote, sikiliza. Kuna kijana mpelelezi.

Sinema: Mwenye koti.

Waziri: Anafuatilia mauaji ya Nosy Be, lakini hawezi kuuliza kitu mpaka afanye ndoa kubwa. Wajomba wa binti wanajenga nyumba.

Sinema: Mwezekaji ndiye tunayemshuku.

Redio: Bati halitoshi, harusi inahamishiwa mwezini. Ng'ombe wanabebwa kwa kidole.

Waziri: Mji mzima unakula. Bwana harusi anavishwa joho. Na sasa akisimama, wazee wote wanamsikiliza. Hiyo ndiyo itakayopendwa mwakani.

Halimati alisikiliza yote kwa adabu, kikapu kakihamishia mkono wa pili. Nadhani aliipenda ile ya ng'ombe. Kisha akauliza, bila ubaya wowote:

Halimati: Na bibi harusi anaitwa nani?

Waziri akakoroga kahawa isiyokuwa na sukari.

Waziri: Ni... binti wa watu.

Sinema: Mimi nilikuwa mlangoni.

Redio: Hapo haikusikika vizuri.

Mimi nililijua jina. Lilikuwa hapa, kwenye ulimi, kama lilivyokuwa miaka yote. Lakini Waziri alikuwa hajamaliza kufikiri, nami mtu wa ndoa iliyoahirishwa sisemi kabla ya mkubwa. Nikamtazama aniruhusu. Waziri akatazama ndani ya kikombe. Honi ya pili ikalia. Halimati akaiangalia karatasi gotini mwangu, mistari yote imekatwa, akajifunga leso vizuri.

Halimati: Haya. Kwaheri, kaka Ousséni.

Alikuja akiniita shemeji, akaondoka akiniita kaka. Iliniuma pale pale, sikungoja kufika nyumbani. Nilipopata kulitaja jina, keshakata kona ya fundi cherehani.

Mimi: Koulsoum!

Oumouri: Nani huyo?

Sinema alinipigapiga mgongoni, na Redio akasema hata roketi hukosa kuruka siku nyingine.

Gazeti la Elamine lilichelewa, mashine ilikwama. Lilipotufikia Mahajanga harusi ilikuwa imeshaliwa kule Andoany. Waziri alialikwa, akarudi na harufu ya udi mpaka kwenye kofia. Redio ndiye aliyelileta gazeti kijiweni. Ukurasa wangu ulikuwa na picha ya jogoo, imechorwa kwa mkono, kichwa kimelala. Nilitaka kuicheka ile makala. Nilikuwa nimeshaandaa na maneno. Sentensi ya kwanza, bila shaka iliyoongezwa baada ya harusi, ilisema hivi: "Koulsoum, mke wangu, ndiye aliyenifundisha kwamba kuku akiugua husema kwa macho kabla ya mabawa, nami kabla yake sikuwa nawatazama machoni."

Nikaisoma tena. Mimi na Koulsoum tulichumbiana miaka, na sikuwa najua kwamba anajua kuku. Sikuwahi kumwuliza anajua nini. Nilikuwa namweleza mitindo.

Sinema: Soma kwa sauti, Mwandishi.

Nikasoma yote, mpaka dawa ya pilipili na majivu. Hakuna aliyenikatiza, na kwa kijiwe chetu hilo si jambo dogo.

Redio: Si nilisema? Mtindo wa mwakani ni kuku. Nilisikia mapema.

Sinema: Kuku mpelelezi! Nani atamshuku?

Waziri: Huyo kuku ana banda?

Mimi: Analo, mzee. Limeelezwa hapa, na mlango wake.

Waziri: Basi kawapita wapenzi wako wote. Andika kuku, mwanangu. Tuanze. Kuku kampenda jogoo.

Nikaichukua kalamu. Nikamwomba Oumouri kikombe kimoja cha kunipa nguvu. Akaliinua birika, akaligeuza juu chini, likatoa tone moja.

Oumouri: Imekwisha, Mwandishi. Imekwisha zamani.