Keziah Wendlow, Aliyeitwa Mpangaji

Waombolezaji wenzangu, wengi wenu hapa Kennington mnanijua mimi, Edmund Harle, kama mbunge wa Stowbury na mwenye nyumba aliyoishi marehemu, naomba mnivumilie, kwa kuwa kaka yake Josiah amenipa karatasi hii akaniambia, "Soma wewe, shemeji, na usiruke kitu."

Marehemu alizaliwa Deptford tarehe 4 Mei 1861, mtoto wa pili wa fundi kamba, akasoma shule ya parokia hadi miaka kumi na mmoja, akashona mavazi ya waigizaji, na mwaka 1880 akapanda jukwaani mwenyewe, maana aliyepaswa kupanda alikuwa amelewa.

Tarehe 12 Machi 1887, huko Margate, mbele ya msajili na mashahidi wawili tuliowaokota barabarani, alifunga ndoa, na aliyemuoa ni mimi. Chama changu kilihubiri maadili, mke mwigizaji angenikosesha kura, basi tukaficha, na binti yetu Dorcas, aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1889, akafundishwa kuniita mjomba mbele ya wageni.

Juni 1892 aliigiza katika kichekesho kiitwacho Doa la Waziri, akiwa mke anayemsamehe waziri mwongo, London nzima ikacheka, nami nikacheka kuliko wote. Mwezi uliofuata, kwenye kampeni, muuza samaki akapaza sauti, "Bwana Harle, yule mwigizaji wa Kennington ni nani wako?" Nikajibu, "Mpangaji wangu tu." Nikashinda kwa kura sitini na moja, magazeti yakanisifu kuwa mtu safi, nami nikaona aibu, ila kiti cha bungeni ni kitamu.

Mapafu yalianza kumsumbua Februari mwaka huu wa 1900. Nilimuuliza kama ana kinyongo, akasema, "Yule waziri nimemsamehe mara mia mbili na kumi, Edmund, kwa sababu kila jioni alipiga magoti akaniomba. Wewe hujaniomba." Nikamwambia nitamwomba nikirudi kutoka bungeni, maana siku hiyo nilikuwa na hotuba kuhusu utakatifu wa ndoa. Alifariki siku hiyo hiyo, tarehe 14 Juni, saa kumi na moja jioni, nikiwa bado nazungumza bungeni.

Tunamshukuru Daktari Pascoe, majirani waliomletea supu, na waigizaji wenzake waliomuuguza kwa zamu wakati mimi sipo. Dorcas, mwanangu, njoo usimame hapa na baba yako.

Keziah, nakuomba msamaha mbele ya watu hawa, na najua nimechelewa. Lala salama, mke wangu.