Miguu Kumi na Mitatu ya Mwalimu Tabitha

Baada ya miaka thelathini na saba ya kumeza vumbi la chaki, Mwalimu Tabitha Mwikwabe anastaafu rasmi tarehe 4 Julai 2025. Miaka yote hiyo ameitumia katika shule moja, hii yetu ya Nyansurura, akifundisha somo moja, Hisabati, na kwa sehemu kubwa darasa moja, la Nne. Wakuu wa shule saba wamekuja na kuondoka wakimwacha palepale. Wawili kati yao aliwafundisha mwenyewe kuzidisha. Hao watano wengine anasema si kosa lake.

Alizaliwa Susuni, wilayani Tarime, mwaka 1965. Aliripoti hapa akiwa na sanduku la bati na rula ya mbao ya mita moja. Wazazi walidhani rula ile ni ya kuchapia watoto. Ilikuwa ya kupimia, ingawa hawakukosea sana. Wiki ya pili tu aliwatoa Darasa la Nne kupima kila kitu kilichosimama, wakagundua kwamba goli moja la uwanja wetu ni jembamba kuliko lenzake kwa sentimita arobaini. Mechi zetu zilikuwa za kipindi kimoja, na walimu ndio waliokuwa wakichagua upande. Goli likarekebishwa. Timu ya walimu haijashinda tena hadi leo.

Sehemu alizifundisha kwa muwa: nusu, theluthi, robo. Watoto walielewa vizuri mno. Siku moja ukaguzi wa zana za kufundishia ulionyesha kuwa theluthi mbili hazipo, na mara ya mwisho zilionekana zikielekea ofisi ya Mkuu wa Shule. Hatutaji jina, maana leo amekaa safu ya mbele.

Kwa wageni ambao shule waliiacha zamani, yafaa tueleze kidogo. Darasa la Nne ndipo hesabu huacha kuwa mchezo wa vidole. Mtoto aliyezoea kujumlisha hukutana na kugawanya kwa njia ndefu, na katika kugawanya hukutana na baki, ile namba ndogo inayosalia pembeni ikikataa kugawika. Walimu wengi hulipita baki haraka, kama mtu anayempita mlevi njiani. Tabitha alilisimamia. Kwake baki ni ujumbe: kuna jambo hujaliona, rudi ukaangalie. Hesabu zake zilikaribia kumfukuzisha hapa, kisha baki likamfanya wa hapa. Tusimulie.

Mwaka 1994 alitoa kazi ya nyumbani: kila mtoto akahesabu ng'ombe wa kwao, kisha awagawanye katika mazizi mawili. Mwalimu aliyezaliwa Susuni alipaswa kujua. Mali yenye pumzi haihesabiwi kwa kinywa, wala hainyooshewi kidole. Ndivyo wazee wetu walivyotuambia, na hata sisi tulio na vyeti hatuna haraka ya kujaribu. Lakini Tabitha alikuwa bado akifuata mwongozo wa mwalimu aliotoka nao chuoni, nao mwongozo haukusema kitu.

Gati, binti wa Mzee Magige, alikuwa na bidii. Alisimama mlangoni mwa boma, akawanyooshea ng'ombe kidole mmoja mmoja, akitamka kwa sauti. Siku ya tatu ng'ombe wa maziwa aliyekuwa akitegemewa na nyumba nzima akafa. Ilikuwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, lakini kupe hakuonekana na mtu. Kidole kilionekana.

Mzee Magige alifika shuleni kabla ya kengele. Tabitha akamwamkia, “Shikamoo, mzee.” Hakuitikia. Alisema, “Shikamoo yako kaa nayo. Nimekuja kuchukua mtoto na daftari lake.” Akamshika Gati mkono, wakaondoka. Kufikia Ijumaa, nusu ya darasa ilikuwa machungani, na Gati, aliyekuwa wa kwanza katika mitihani yote, alikuwa akitazama shule kwa mbali, mkononi fimbo badala ya kalamu. Kwa binti wa umri ule, kuondoka shuleni miezi miwili kulikuwa kuondoka moja kwa moja. Tabitha alilijua hilo kuliko sisi sote.

Wazee waliitana. Mkuu wa shule wa wakati huo, mtu jasiri, alishikwa na malaria asubuhi hiyohiyo, akapona jioni. Tabitha alikwenda peke yake. Hakujitetea, hakumtaja kupe. Aliomba radhi, kisha akauliza swali moja: mzee asiyehesabu ng'ombe wake anajuaje jioni kwamba mmoja hajarudi?

Mzee Magige alimtazama kama anavyotazamwa mtoto mzito wa kuelewa. “Kwani wewe huhesabu meno yako ndipo ujue moja limeng'oka?”

Wazee walicheka, naye akacheka pamoja nao. Kisha akauliza la pili: na miguu je, nayo ni mwiko?

Wakanong'onezana kwa muda mrefu. Hatimaye mkubwa wao kwa umri akatamka kwamba katika maisha yake hajasikia ng'ombe aliyekufa kwa kuhesabiwa mguu. “Miguu ni miguu,” akasema, na shauri likaisha. Masharti yakawa mawili: mtoto asinyooshe kidole, na ikishagawanywa kwa nne, jibu liandikwe tu, lisitamkwe. Jumatatu Gati alirudi. Baba yake alimruhusu. Shikamoo aliendelea kuiruka.

Ndiyo maana Darasa la Nne la Nyansurura hugawanya kwa nne usingizini. Mgeni mmoja kutoka ngazi za juu aliwahi kuwauliza watoto: mfugaji mwenye ng'ombe thelathini na sita akiuza tisa, anabaki na wangapi? Darasa zima likamkodolea macho kama mtu aliyetukana msibani. Akaanza kuandika kwamba wanafunzi hawajui kutoa. Tabitha akalibadilisha swali liwe la miguu: mia moja arobaini na minne, toa thelathini na sita, gawanya. Kalamu zikakimbia. Madaftari hamsini yakainuliwa kimya kimya, yote yameandikwa 27. Mgeni aliomba maji.

Lakini turudi kwa Gati. Miezi miwili baada ya kikao, alileta kazi yake: miguu sabini na mitano, kugawanya kwa nne, kumi na nane, baki tatu. (Namba tumezibadilisha, Mzee Magige asije akatufuata hadi nyumbani.) Wenzake walimcheka: “Gati, kwenu mnafuga viti vya jikoni?” Mwalimu mwingine angeweka alama ya kosa nyekundu. Tabitha hakuweka chochote. Alimwambia baki tatu ni ng'ombe anayekosa mguu mmoja, na ng'ombe hakosi mguu bila sababu. Arudi akaangalie.

Gati alirudi nyumbani, akahesabu tena. Sabini na mitano. Akainama. Katikati ya kundi, akiwa amebanwa na wenzake, mtamba mwekundu alikuwa amesimama kwa mitatu, wa nne ameukunja juu. Gati alikuwa amehesabu miguu iliyokanyaga chini. Akamwita baba yake. Kipande cha waya kilikuwa kimezama katikati ya kwato, na usaha umeanza. Waya ukatolewa, mtamba akapona, na mwaka uliofuata akazaa na kurudisha maziwa katika nyumba ile.

Siku ya pili baada ya waya kutolewa, Mzee Magige alifika tena shuleni kabla ya kengele. Tulijificha nyuma ya stoo, tukijiandaa kumwokoa mwenzetu, yaani tukijiandaa kukimbia. Mzee alisimama mbele ya Tabitha, akavua kofia, akasema neno moja: “Marahaba.”

Gati Magige leo ni afisa mifugo wa kata yetu. Wakati wa chanjo, wafugaji wanaomficha kila mtu humwambia yeye kila kitu, maana huuliza, “Baba, miguu mingapi?” Juzi ameandika kibali cha kusafirisha zawadi ambayo wazazi wanampa mwalimu wake apeleke Susuni. Serikali inataka idadi, nayo imeandikwa, karatasi imekunjwa. Ya kutangazwa hadharani aliileta Mzee Magige mwenyewe: miguu kumi na mitatu.

Wageni, gawanyeni kimya kimya. Na baki msilifute. Mguu huo mmoja uko stoo, umefungwa vizuri, ni wa safari ya mwalimu. Mingine mitatu ya ng'ombe huyo iko kwenye sahani zenu.

Mwalimu Tabitha, asante kwa watoto uliowarudisha wakaangalie tena. Nenda Susuni salama, ukapumzike, ukafuge, wala usihesabu. Kila unayemwamkia huko akuitikie siku hiyohiyo.